Ufunguo wa Stoo

Sogeeni, lakini msinipigie kelele. Nimekata miwa tangu alfajiri na mgongo wote unauma. Nitawasimulia habari ya wakata miwa watatu, kisha mtanisaidia kuamua, maana mimi nimeshindwa.

Kobelo alikuwa na macho. Akiwa na mpira mguuni, aliona mahali mwenzake atakapofika, akautuma hapo hapo. Uwanja mzima ulimwita Fundi.

Chilongola alikuwa na kifua. Shambani ndiye aliyetangulia kufukuza nyoka ili wenzake wakate kwa amani. Uwanjani alifanya vilevile: alisimama mbele ya Kobelo, akayapokea mateke yote. Yeye hakupewa jina lolote.

Mkude alikuwa na miguu. Alikimbilia kila pasi, hata zile ambazo mtu mwenye akili zake angeziacha zipite.

Siku ya fainali ya mashamba, meneja alitangaza, "Atakayetushindia mechi leo anaacha panga. Ataingia stoo, kivulini, kwenye kiti. Nafasi ni moja."

Kiti! Hebu fikirieni.

Dakika za mwisho mabao yalikuwa sawa. Mabeki wawili wakamvamia Kobelo. Chilongola akajitupa kati yao, goti likateguka. Kobelo akapata upenyo, akapiga pasi ndefu nyuma ya ngome. Mkude, ulimi nje, akaifikia ikikaribia kutoka, akafunga.

Meneja akamkabidhi Kobelo ufunguo. "Hongera, Fundi."

"Samahani, bosi," Chilongola akasema akiwa amekaa chini, ameshika goti. "Jumapili ile nilipougua homa, Fundi wenu alicheza nini? Si aliangushwa chali mechi nzima?"

Kobelo hakubisha. "Kweli, kaka. Lakini njia ile niliiona mimi. Na panga limenichosha, sitawadanganya."

"Na mimi nisingekimbia?" Mkude akauliza, bado anahema. "Pasi yako ingewakuta mbuzi wanaokula majani nyuma ya goli."

Meneja akajikuna kichwa, akauchukua ufunguo na kuuweka chini katikati yao. "Amueni wenyewe. Trekta la kuwapeleka shambani likija asubuhi hamjaelewana, nampa mtu mwingine."

Watatu wale wakabaki wamekaa. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kugombana, wala moyo wa kusema, "Chukua wewe." Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu walipendana. Goti la Chilongola limevimba, kesho hataweza kuinama kukata muwa. Lakini meneja hakuahidi kiti kwa aliyeumia. Alikiahidi kwa aliyeshinda mechi, na mechi hiyo ukimwondoa mmoja wao, haipo.

Basi, kukakucha. Trekta linanguruma pale kwenye kona, na ufunguo bado uko chini. Haya, wewe uliyepumzika vizuri: ungempa nani?