Korosho za Rangi Zote

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Maana yake ni nyepesi: anayeuliza huonekana hajui kwa muda mfupi tu, na asiyeuliza hubaki hajui, tena kwa hasara. Methali hii hata Hawa aliijua vizuri. Lakini kuijua methali ni jambo moja, na kuifuata ni jambo jingine kabisa.

Hawa alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wabanguaji wa korosho, pembezoni mwa Likombe. Miaka nenda miaka rudi walibangua korosho za watu, katika maghala ya watu, wakifokewa kama watoto. Msimu huu walijifunga vibwebwe. Walizibangua korosho zao wenyewe na kuzimenya ngozi hadi zikawa nyeupe pe. Kilichobaki ni mnunuzi. Hawa aliapa mbele ya wenzake kwamba atampata, na akimkosa, kikundi kivunjike na kila mtu arudi kwenye maghala ya watu.

Mnunuzi akapatikana, tena wa ng'ambo. Wakala wake, binti wa mjini aitwaye Jesca, alifika na bajaji, akamwamkia Hawa kwa adabu, kisha akamkabidhi kadi ngumu.

"Mama, mzipige picha korosho zenu pamoja na kadi hii. Iwe mchana, kivulini. Halafu mtumieni mnunuzi kwenye namba hii hapa. Mmeelewa?"

Hawa akaitazama kadi. Ilijaa miraba ya rangi: nyeupe, kijivu, nyeusi, nyekundu, njano, kijani, bluu, hata zambarau. Kichwani mwake palikuwa giza totoro. Lakini wenzake walikuwa wamemkodolea macho, naye aliona haya kuumbuka mbele ya binti wa kumzaa.

"Tumeelewa sana, mwanangu."

"Basi mkikwama, nipigieni simu."

Jesca akaondoka zake. Sasa wewe mwenyewe fikiri. Mtu anayechambua korosho kutwa kucha, nyeupe huku, za njano kule, zilizoungua pembeni, ukimpa kadi ya rangi ataielewaje? Hawa aliona jibu moja tu: mnunuzi anataka korosho za kila daraja, na kila rangi kadini ni daraja lake.

"Nyeupe tunazo," alisema Mwanaidi, mama mwenye ulimi mwepesi kuliko wote kikundini. "Njano zipo. Nyekundu tuseme zile ambazo hazijamenywa ngozi. Nyeusi ni zilizoungua. Haya, kijani je, mwenyekiti?"

"Changa," Hawa alijibu upesi.

"Na bluu?"

"Bluu... bluu na kijivu ni zilizoota ukungu."

"Lahaula! Kuna mtu wa kununua ukungu?"

"Wazungu hao, Mwanaidi! Nasikia hata maziwa huyaacha yakaota ukungu ndipo wakayala."

Mwanaidi akaguna tu. Basi wakaanza kuhangaika. Walizichoma korosho nzuri hadi zikawa mkaa. Walikwenda kuokota changa mikoroshoni. Walifukua gunia lililolowa mvua, wakatoa zenye ukungu, wakazishika kwa ncha za vidole huku wameziba pua. Zambarau iliwashinda. Hawa akazipanga korosho, kila moja juu ya mraba wake, akapiga picha, akaituma.

Kesho yake Jesca alipiga simu. Hawa aliweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Mama Hawa, shikamoo. Zile ndizo korosho zenu?"

"Marahaba. Ndizo! Rangi zote mlizotaka, isipokuwa zambarau. Hiyo mtuwie radhi."

"Mama," Jesca alisema taratibu, "kadi ile si ya kuchagulia korosho. Simu hudanganya rangi. Korosho nyeupe huweza kutokea ya njano pichani. Mnunuzi anayo kadi kama hiyo hiyo. Akiona mraba mweupe nao umegeuka njano, anajua iliyokosea ni picha, korosho ni nyeupe. Ilikuwa mzipange nyeupe tu, na kadi kando."

"Yarabi! Basi tunapiga nyingine sasa hivi!"

"Ameshaona mkaa, ameona ukungu. Hataki tena kusikia habari zenu, amechukua kwa wengine. Mama, mbona hukunipigia?"

Simu ilipokatika, Hawa alikaa chini kwenye mkeka, machozi yakamtoka waziwazi.

"Sikuelewa," aliwaambia wenzake. "Tangu aliponipa kadi sikuelewa chochote. Niliona haya kumuuliza."

Mwanaidi akashusha pumzi. "Na mimi nilijua huelewi, mwenyekiti. Niliona haya kukuuliza wewe."

Wenzao wakainama, mmoja baada ya mwingine, kwa maana hapakuwa na aliyekuwa ameelewa. Wiki iliyofuata walikuwa wamerudi ghalani, wakibangua korosho za watu na kufokewa kama zamani. Ama kweli, kuuliza si ujinga.