Tumbo la Bwana Fisi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakifuga na kupika kama sisi, Bwana Fisi aliingia bandani kwa Bi Pimbi akawamaliza kuku wake wote sita. Tena mchana kweupe! Hata haya hana!

Bi Pimbi, mjane mwenye watoto watatu, akaenda kushtaki barazani kwa Mzee Tembo.

"Si mimi," Fisi akasema huku akichokoa meno. "Ni tumbo. Lilinguruma, miguu ikaenda. Nilijikuta tu nimeshakula."

"Hilo nalo ni kweli," akasema Tembo. "Tumbo likishataka, utafanyaje? Kesi imekwisha."

"Imekwisha?" Bi Pimbi akauliza kwa hasira. "Na kesho tumbo lake likiwataka wanangu?"

"Tutakuja kukupa pole."

Pole! Yaani watoto waliwe, yeye aletewe pole? Bi Pimbi aliona dunia nzima imemdharau. Lakini akajikaza, akasema taratibu, "Haya, yaishe. Ijumaa njooni kwangu mle chakula cha suluhu."

Ijumaa ikafika, Fisi na Tembo wakaja na wenzao wa barazani. Sinia la pilau likawekwa mbele ya Fisi, nyama zimejaa, mvuke fuu!

"Ila jamani, Mzee Simba yuko njiani," akasema Bi Pimbi. "Tusianze kabla mkubwa hajanawa."

Wakangoja. Jua likapanda. Tumbo la Fisi, nguruu! Mate, chururu! Lakini mkono hakuunyoosha.

"Bwana Fisi, una adabu wewe!" Bi Pimbi akamsifu. "Tumbo linanguruma hivyo, na hugusi! Nani amekushika?"

Fisi akavimba kichwa. "Anishike nani? Nimeamua mwenyewe! Tumbo langu nalitawala mimi!"



Bi Pimbi akaruka juu ya kinu. "Mmemsikia? Akisifiwa ni yeye, akishtakiwa ni tumbo! Basi huyo anayelitawala tumbo alikuwa wapi siku ya kuku wangu?"

Tembo aliona aibu, akahukumu palepale: Fisi alipe kuku sita, na asikanyage tena kwa Bi Pimbi.

"Na Simba je?" Tembo akauliza.

"Simba? Nani kamwalika! Naweni mle. Wewe Fisi, toka nyumbani kwangu!"

Nasi wanadamu, wanangu, tulitiwa huyo anayesema "mimi" ndani ya vichwa vyetu ili tukiulizwa tulilotenda tujibu wenyewe, tusisingizie tumbo.