Nungunungu Akata Rufaa

Hadithi ninayo, jamani!

Tupe, masikio tunayo!

Hapo kale, kale kabisa, wanyama walikuwa na mwamuzi wao, Bwana Nyani. Na baraza lake lilikuwa na mila moja: mshitakiwa husema akishahukumiwa. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa.

Siku moja Mama Kanga alilia, "Mayai yangu yameliwa!" Papo hapo Nyani akamwita Nungunungu barazani.

"Umekula mayai. Ung'olewe miiba yote," akasema Nyani. "Haya, sasa jitetee."

Nungunungu akapigwa na butwaa. Mayai? Yeye mla mizizi? Na bila miiba, watoto wake angewalinda vipi na Chui? Hajafumbua mdomo, mwiba wa kwanza ukang'oka. Wa pili ukang'oka. Wa tatu ukang'oka.

"Sikuridhika!" akapiga kelele. "Nakata rufaa! Nakwenda kwa Bibi Ndovu!"

Wote wakashika vinywa. Bibi Ndovu alikuwa mwamuzi wa juu, kule mlimani, na hakuna aliyewahi kumwendea. Lakini haki ya kwenda ilikuwepo. Wakapanda wote.

Bibi Ndovu hakuuliza nani kala mayai. Aliuliza hukumu ilivyotolewa.

"Nani alishitaki?"

"Mimi," akajibu Nyani.

"Shahidi nani?"

"Mimi."

"Na mwamuzi?"

"Mimi, Bibi."

"Ala! Na huyu alisema lini?"

"Baada ya hukumu. Ndiyo mila yetu."

Bibi Ndovu akapiga mguu chini. "Hukumu hii naifuta," akasema. "Kesi isikilizwe upya, na mwamuzi mwingine."

Nyani akafoka, "Ale mayai saba, saba mazima, kisha aachiwe hivihivi?"

Mama Kanga akasogea mbele.

"Saba? Bwana Nyani, mimi idadi sikumtajia mtu. Wewe uliijuaje?"

Lo salala! Nungunungu alisahau hata maumivu. Miaka yote hiyo alikuwa akimwamkia mwizi! Nyani akarukia mti, akatokomea.

Basi, wanangu, mwamuzi naye hukosea, na pengine mkosaji ni yeye mwenyewe. Ndiyo maana lazima awepo wa juu wa kumwuliza, "Ulihukumuje?"

Nungunungu alirudi kwa watoto wake na miiba mitatu mkononi. Angechelewa kupiga kelele, angerudi uchi.

Hadithi imefika kwao, nami narudi kwetu.