Jumuiya Iliyobaki na Mtu Mmoja

Kina mama, tulieni. Na wewe wa nyuma, mnyonyeshe mtoto anyamaze, maana haya nataka myasikie.

Alikuwepo mama mmoja mwenye nyumba yake ya kona, katika mji uliojaa pomoni. Mtaani kwao kiwanja kilichobaki kilikuwa kimoja tu, ng'ambo ya barabara kutoka kwake, palipokuwa na karakana ya zamani. Kila Jumamosi jumuiya yao ndogo ya kanisa ilisali sebuleni kwake. Waliokuja ni kina nani? Muuza chapati, fundi viatu, muuguzi, mlinzi na mkewe. Wapangaji wa vyumba, wote. Wenye nyumba za mageti hawakuja. Wao Jumamosi wana shughuli.

Basi nyumba za vyumba walimopanga hao zikaanza kuuzwa na kubomolewa. Afisa wa mipango miji akaitisha mkutano.

"Pale karakana tujenge ghorofa," akasema. "Nyumba kubwa ziwepo, na chumba kimoja kimoja cha kodi ndogo kiwepo, ili wanaobomolewa wasitoke mtaani. Ila wenye nyumba mkubali."

Mama akasimama.

"Mwanangu, mimi sina ubaya na mtu. Lakini chumba kimoja kimoja unajua kinavyokuwa. Kanga kila dirisha, ndoo kila ngazi, na ghorofa zima linanichungulia nikianika nguo zangu za ndani."

Watu wakacheka, wakampigia makofi. Muuza chapati alikuwa amekaa benchi la nyuma, hakucheka. Mama alimwona, akajiambia moyoni, huyu ananijua, anajua simsemi yeye. Alikuwa anamsema nani basi? Nijibuni.

Mpango ukafia pale pale. Karakana ikawa maegesho ya magari. Wapangaji wakahamia mji unakoishia, unapanda basi, unashuka, unapanda jingine. Na utaratibu wa kanisa mnaujua: ukihama, jumuiya yako ni ya huko ulikohamia. Sebuleni akabaki mama na mume wake, wakasali wawili, mwishowe wakaacha.

Kisha mume akafariki. Mama akaenda kwa katekista.

"Pole, mama. Jumuiya ndiyo inayosimamia msiba. Kwenu ni kina nani watakaopika na kukaa na wewe?"

"Ni mimi."

"Na wengine?"

"Katekista, nimekwambia ni mimi."

Majirani wa mageti walileta mashada mazuri, wakasimama kidogo, wakaangalia saa. Jeneza lilibebwa na wanaume wa gari la kukodi, wasiojua hata jina la aliyelala ndani.

Muuza chapati na wenzake walifika siku ya pili, sufuria kichwani. Taarifa iliwafikia kaburi likiwa limeshafunikwa. Wakapika, wakaimba, wakamkalisha mama katikati yao mkekani, naye ndipo alipolia kwa mara ya kwanza. Jua lilipoanza kushuka, wakajifunga kanga zao waondoke.

"Jamani, mnaniacha na nani?" mama akauliza. "Laleni. Vyumba vipo vinne vitupu."

"Mama, nina unga wa kukanda alfajiri na wajukuu wa kuwafungia mlango," muuza chapati akamjibu. "Ningekuwa hapo ng'ambo ya barabara, leo ningeingia kwako na kutoka mpaka unichoke."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, mama angepata la kumjibu.

Sasa sisi. Jumanne tumeitwa mkutano wa mtaa juu ya kile kiwanja cha nyuma ya soko, panapotakiwa kujengwa vyumba vya kodi ndogo, na minong'ono yenu nimeisikia. Thamani ya nyumba itashuka, usafi utapotea, sijui watoto watajifunza nini. Tunataka watu watupikie, watuuguze, watuimbie tukifa, lakini walale mbali. Hivi tumewahi kujiuliza wanafikaje?

Siwaambii mlie. Machozi mnayo mengi na hayajamjengea mtu chumba. Nawaambia hivi: asubuhi hii, kwenye misa, mmegeuka mkapeana mkono wa amani na hao hao wapangaji. Mkono mtakaounyanyua Jumanne kuwakataa ni huo huo uliowapa amani ya Kristo, na bado una joto lao.