Nailoni Chini ya Kipozeo

Mlio karibu sogeeni, mlio mbali tegeni masikio. Hadithi hii imenishinda kuimaliza, nawaachia ninyi.

Korogwe walikuwepo watu watatu waliotengeneza katuni katika chumba kimoja. Chande alijua kompyuta. Aliweza kuilazimisha iende kasi kuliko kiwanda kilivyoipangia. Binamu yake, Mbaruku, alikulia kwenye tanuri la matofali la baba yake, akajua njia za hewa. Dada yake Chande, Zamda, alijua joto kwa kiganja. Akigusa sufuria tu, anakwambia wali umebakiza dakika ngapi.

Katuni yao ya kwanza ilikuwa ya mashindano, na ilitakiwa Ijumaa saa sita mchana. Jumamosi kompyuta ikaonyesha kwamba kuchakata picha zote kutachukua siku saba. Wao walikuwa nazo sita.

"Niachieni mimi," Chande akasema. Akafunga kipozeo kipya, lile pande la alumini lenye mapezi linalokaa juu ya ubongo wa kompyuta na kupulizwa na feni. Kisha akapandisha mwendo. Siku saba zikawa tano, naye akatoka kujisifu mtaa mzima.

Haikupita nusu saa, mashine ikazidiwa na joto, ikajizima. Chande aliporudi akakuta imefunikwa kitambaa cha maua alichokifuma Zamda, maana nyumba ile hata redio haikai utupu.

"Umeziba hewa, dada. Tukishindwa, ni wewe."

Zamda akakiondoa, akaomba radhi. Chai yake ikapoa mezani.

Lakini mashine ikajizima tena, bila kitambaa. Hapo Chande akakumbuka: chini ya kipozeo kipya kulikuwa na nailoni ya kubandua kabla ya kufunga. Hakuibandua. Aibu ikamshika. Fundi mzima, kosa la mtoto? Akanyamaza mpaka kesho yake, huku dada yake akipita chumbani ameinamisha kichwa.

Jumapili mchana mashine ikajizima mara ya tisa. Zamda akaingiza mkono, akagusa yale mapezi.

"Mashine inalia joto, na chuma chake ni cha baridi. Sufuria hili halijakaa motoni. Chande, chini yake pana nini?"

Chande akajibu akitazama sakafu. "Pana nailoni. Nimejua tangu jana. Nilikuacha ulaumiwe."

Zamda alimpa bisibisi tu, na Chande akaona afadhali angetukanwa.

Nailoni ikabanduliwa. Mashine ikadumu saa moja, kisha ikazima. Mbaruku akapitisha mkono mbele ya kasha la kompyuta, akaupitisha na nyuma.

"Feni zote mbili za kasha zinaingiza hewa. Itatokea wapi? Tanuri lenye mlango lakini lisilo na tundu la moshi hujipika lenyewe."

Akaigeuza feni ya nyuma itoe nje, akaliinua kasha kutoka kwenye zulia, akaliweka juu ya matofali mawili. Haikuzima tena. Picha ya mwisho ilitoka Ijumaa, zimebaki dakika kumi na moja.

Katuni ikashinda. Zawadi ilikuwa nafasi ya kusomea kazi hiyo Arusha, mwaka mzima, kwa mtu mmoja. Fomu ikaja, ina mstari mmoja wa jina.

"Bila mwendo wa Chande tungechelewa," Mbaruku akasema.

"Bila hewa yako ingezima," Zamda akasema.

"Na bila mkono wa dada," Chande akasema, "ningenyamaza hadi Ijumaa."

Kalamu alikuwa nayo yeye. Akaona aibu mara ya pili, maana moyoni alitamani kuandika jina lake.

Sasa pimeni wenyewe. Mwendo, mkono na hewa: kingekosekana kimoja, katuni isingekuwepo. Aliyekosea ndiye aliyeungama, ila aliungama alipoulizwa. Na kile kitambaa cha maua kimekunjwa kabatini, hakijarudi hata kwenye redio.

Je, wewe ungekuwa umekaa pale, ungemwambia Chande aandike jina la nani?