Jina la Mwenye Jino

Sogeeni. Anayesinzia asinzie, nitayasimulia masikio yake.

Mwanajaha alizika watoto wawili kabla hawajaota jino. Wa tatu akamwita Jaa, maana yake jalala, ili kifo kikipita kione takataka kiende zake. Akaapa: "Siku ya jino la kwanza nitampa jina la kweli. Jina la aliyelitengeneza."

Basi jueni, wajukuu zangu, jino huanza tumboni, mtoto angali kama punje ya kunde. Mle gizani walikuwamo watatu.

Ufizi kipawa chake kuita. Alijikunja, akachimba kishimo mwilini mwake mwenyewe, akaita: "Hapa pajengwe!" Asingeita, kinywa kingebaki pango.

Msafiri kipawa chake miguu. Alitoka kule kisogoni, akapapasa gizani hadi kishimoni, akajenga kiini cha jino. Asingefika, shimo lingebaki shimo.

Mpakaji, binti wa Ufizi, kipawa chake mikono. Alikipaka kiini weupe, akirudi kinyumenyume, na kila alipopaka pakawa jiwe. Asingepaka, jino lingelika kwa uji tu. Lakini jino lilipotoboa, yeye alifia mlangoni. Jua hakuliona.

Asubuhi moja kijiko cha uji kikagonga kinywani mwa Jaa: ng'! Mwanajaha akapiga ukelele. Mama mkwe wake, Bi Mchanga, akaja mbio.

"Gonga tena, mwanangu. Masikio haya yameshanidanganya."

Ng'!

Mtoto aliposhiba akalala, ndipo sauti zikatoka kinywani mwake.

"Mimi niliita," ikasema ya kwanza.

"Ungemwita nani, nisingekuja?" ikasema ya pili.

"Na ungekwenda wapi, wewe mguu na njia, nisingeita?"

Mwanajaha akangoja ya tatu. Kimya. Akaligusa jino: baridi, kama mkono wa mwanawe wa kwanza asubuhi ile aliyokataa kuamka.

"Mama, huyu mpakaji wa jino amekufa. Nitampaje mwanangu jina la maiti?"

"Ukimpa, umekiita kifo," akasema Bi Mchanga. "Na ukimnyima maiti haki yake, atakuja kuidai. Lakini taja jina upesi, mwanangu. Kifo kimo mtaani, kinauliza takataka yetu imeanza lini kucheka."

Mwanajaha akafungua mdomo.

Je, wenzangu, mngekuwa ninyi, mtoto mngemwitaje?