Ubao wa Jeneza Katika Gari la Mtemi

Hapo zamani, wala si zamani sana maana magari yalikwisha kuwepo, katika mji wa Isungwa palikuwa na mtemi aliyeogopwa hata na mbwa wake. Mtemi huyo jina lake Lubasha. Alikuwa na gari alilorithi kwa baba yake, refu, jeusi, na upande wa ndani wa milango yake ya mbele ulipambwa kwa ubao wa mninga. Mistari ya ubao wa kushoto ilipanda kama moshi. Ya kulia ilipanda vilevile, ikitazamana nayo. Unganisha viganja vyako, kisha vifungue: ndivyo zilivyokuwa mbao zile.

Gari lilipochakaa, Mtemi alilipeleka kwa fundi Kapela alifanye jipya. Siku moja moto wa kuchemshia gundi ukaruka, ukaula ubao wa kushoto. Karakanani walikuwamo watatu: fundi Kapela, dereva wa Mtemi, na mlinzi wa gari. Nani aliupiga mkaa teke? Hakuna aliyesema.

"Moto hauna mwenyewe," akasema Mtemi. "Wafungieni wote."

Wakafungiwa katika ghala la mawe nyuma ya nyumba yake. Watu walilipita ghala lile wakitazama chini, kwa sababu wengi walioingia mle walitoka wamebebwa. Kisha Mtemi akawaita jamaa zao.

"Milango yangu ilikuwa pacha," akawaambia. "Nirudishieni pacha kabla ya sikukuu ya mavuno, mtaona shukrani yangu. Mkishindwa, msiniulize tena habari za ghala."

Jamaa nao walikuwa watatu. Wa kwanza Siwema, binti wa fundi Kapela, aliyekuwa akifanya kazi na baba yake. Wa pili Shigela, mchimba makaburi, kaka yake dereva. Wa tatu Bi Nyamizi, mwosha maiti, ambaye mlinzi alikuwa mwanawe wa pekee.

Siwema akaubeba ubao wa kulia, akauzungusha mji mzima. Akaulinganisha na kabati, haukufanana. Akaulinganisha na milango ya watu, haukufanana. Mninga ulikuwa tele, lakini mistari ya mti mmoja si ya mti mwingine. Akaketi kwenye kizingiti cha karakana, ubao mapajani.

Bi Nyamizi akamkuta pale. "Mjukuu wangu, unahangaika bure. Mti unaoutafuta ulikatwa kabla mama yako hajazaliwa. Mbao zake mbili ziliingia garini. Kuhusu zilizobaki, yule mtemi wa kale, baba wa huyu wa sasa, alisema, 'Mti ulionibeba mimi uwabebe na watu wangu.' Wakatengeneza jeneza la mji."

Siwema akauweka ubao chini. Jeneza lile lilikuwa moja kwa mji wote. Lilimpeleka mtu kaburini, likarudi tupu katika banda la makaburini kumsubiri mwingine. Na kila mtoto wa Isungwa alijua: atakayelipunguza, litampakia yeye.

"Bibi, una hakika?"

"Miaka yote hii naliosha likirudi. Ubavu wake naujua kama uso wa mwanangu. Huo moshi wako uko pale."

"Na nani ataung'oa?"

"Mimi mikono yangu ni ya kuosha tu," akasema Bi Nyamizi.

Aliyejitolea ni Shigela, aliyekuwa amefika akawasikia. "Mimi nachimba nyumba za watu kila wiki. Nitakwenda."

Akaenda jua la utosi, saa ambayo hakuna anayekatiza makaburini. Siwema alimsubiri karakanani, kila kishindo kikimshtua. Shigela aliporudi, ubao ulikuwa kwapani.

"Nilipotia patasi, liliguna," akasema.

"Ni misumari, kaka."

"Misumari ya kwenu inaita watu kwa majina?"

Siwema hakuthubutu kuuliza ni jina gani.

Sasa ikawa zamu yake. Ubao ulikuwa mweusi kwa jasho la mabega ya wachukuzi. Akaupiga randa, harufu ya kafuri ikajaa chumba. Akapiga tena, harufu ikazidi. Mistari ikajitokeza: ndiyo yenyewe, moshi ule ule, ila ulikuwa umepinduka. Akaugeuza, akaupima, akaugeuza tena. Alijua akikata vibaya mara moja tu, hakuna mwingine. Akamwaza baba yake gizani, akakata. Lakini ubao uliorandwa ulikuwa mweupe mno kando ya mwenzake. Akaupaka chai nzito, kisha maji ya ndimu yaliyolazwa na misumari yenye kutu, kidogo kidogo, hata rangi zikapatana.

Kabla ya sikukuu ubao ukatiwa mlangoni, na wote watatu wakalisukuma gari hadi mbele ya ghala, nyuma ya nyumba ya Mtemi. Mtemi akaja. Akaingia garini, akafunga milango. Akapitisha kidole kushoto, akapitisha kulia. Kisha akanusa.

"Mbona gari langu linanuka kafuri?"

Siwema akafungua kinywa kujibu.

"Ni dawa ya mchwa, Mtemi," akadakia Bi Nyamizi.

"Hii ni harufu ya maiti."

"Maiti naye ana mchwa wake, Mtemi."

Mtemi akacheka, na kicheko chake kilitisha kuliko hasira. Akatoa ufunguo wa ghala, akauning'iniza kidoleni.

"Shukrani yangu ndiyo hii. Atatoka mmoja. Aliyestahili kati yenu amchukue wake, wale wawili watabaki. Patanani nyinyi wenyewe. Mkishindwa kupatana, naondoka na ufunguo wangu."

Bi Nyamizi akapiga magoti. "Bila mimi mngekuwa bado mnalinganisha makabati! Jeneza mmelibeba wote, nani aliwahi kulitazama? Na mwana ninaye huyu mmoja tu."

"Mama, kujua ni mdomo," akasema Shigela. "Mkono ulioung'oa ni wangu. Laana iko juu yangu, si juu yenu. Likinipakia, nani atanizika kama mdogo wangu yumo humo?"

Siwema alitaka kunyamaza, awaheshimu wakubwa zake. Akakumbuka waliotoka ghalani wamebebwa. "Shikamooni wazee wangu, nisameheni. Bibi alionyesha, kaka akaleta, lakini kilicholetwa kilikuwa kipande cha jeneza. Aliyekifanya mlango wa Mtemi ni mimi. Ningekosea kukata, tungewapoteza wote watatu."

Mtemi akaanza kuufumba mkono wake juu ya ufunguo.

Ndipo kutoka ghalani mtu akakohoa, kikohozi kirefu cha mtu anayekwisha.

"Mwanangu!" akalia Bi Nyamizi.

"Ni mdogo wangu!" akasema Shigela.

Na Siwema akaapa kwamba ni baba yake.

Enyi mlioketi hapa, vidole vya Mtemi vinafumba, semeni upesi: aliyejua, aliyethubutu, na aliyetengeneza, je, ufunguo aliustahili nani?